Je, Samaki Mmoja Akioza, Wote Wameoza?

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Neno hili limerithiwa kwa vizazi vingi, nalo lina uzito. Latuonya kwamba mwovu mmoja huharibu sifa ya jamaa nzima, na kwamba kosa la mtu haliishii kwake peke yake. Walakini, msomaji, methali ni taa wala si jua: huangaza upande mmoja wa jambo na kuacha upande wa pili gizani. Kama neno hili lingalikuwa kweli kwa kila hali, pasingalisimama kijiji wala mji duniani, maana hakuna kijiji kisicho na mwongo, wala mji usio na mzembe.

Basi yatupasa kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, yawezekana kujenga kitu cha kuaminika kwa viungo visivyoaminika? La pili lafuata la kwanza: ikiwa yawezekana, kuna haja gani tena ya kila mtu kujitaabisha kuwa mwaminifu? Maswali haya ni ya maadili, lakini tutayajibu kwa msaada wa watu ambao huenda hukuwatazamia. Hao ni wataalamu wa vyuo vikuu waliochunguza namna ya kupeleka habari kwa mawimbi ya redio, na namna ya kuzifanya kompyuta nyingi zitumike kama moja.

Tuchague mahali pamoja ili fikira zetu zipate pa kukanyaga. Syokimau ni mji ulio katika Kaunti ya Machakos, kandokando ya barabara iendayo Mombasa, karibu na mpaka wa Nairobi. Jina lake ni la mwanamke wa Kikamba aliyekuwa mtabiri. Husimuliwa kwamba kabla ya reli kujengwa aliona katika maono nyoka mrefu atemaye moto na moshi, akitambaa kutoka bahari moja kwenda nyingine. Reli ilitoka Mombasa ikafika Nairobi mwaka 1899, na wengi wakasema kwamba huyo ndiye nyoka wa Syokimau. Leo mji uchukuao jina lake una stesheni ya abiria waendao mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2012, na kituo kikuu cha reli mpya ya Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 2017.

Lakini wenyeji wa Syokimau hutegemea pia njia nyingine, ambayo haina mataruma wala vyuma, wala haionekani kwa macho. Mwuza mboga hulipwa kwa simu ya mkononi kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007. Mwanafunzi husoma masomo yake kwa intaneti. Mzazi hupata habari za mtoto aliye mbali. Maneno haya yote hupita hewani hadi kwenye mnara, kutoka mnarani huingia katika nyaya, na mengine huvuka bahari. Kila siku watu wengi huweka riziki zao juu ya ahadi kwamba ujumbe uliotumwa utafika, tena utafika bila kugeuzwa.

Ahadi hiyo yasimama juu ya nini? Hewa ni mchukuzi mbovu. Ukuta huzuia mawimbi, umbali huyadhoofisha, na vyombo viwili vikisema kwa wakati mmoja katika masafa mamoja huharibiana maneno. Haikuwezekana kuitengeneza hewa iwe njema. Ilibidi watu watafute adabu ya kuitumia hivyo ilivyo.

Adabu hiyo ilianza kufundishwa visiwani. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, chini ya uongozi wa Norman Abramson, ili watu waliokuwa mbali na kompyuta ya chuo waitumie bila waya. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Mwenye neno alitume. Likifika, kompyuta itamjibu kwamba limefika. Asipojibiwa, ajue kwamba pengine limegongana na neno la mwingine. Hapo asigombe wala asipaze sauti, bali angoje muda kidogo, muda wa kubahatisha usiolingana na wa mwenzake, kisha alitume tena. Katika kanuni hiyo nafasi nyingi ilipotea bure: hata hali ikiwa njema kabisa, ni sehemu 18 tu katika 100 zilizoweza kuchukua ujumbe mzima. Mwaka uliofuata ikapendekezwa kwamba wote wapatane saa za kuanzia kusema, asianze mtu katikati ya zamu. Kwa mapatano hayo peke yake sehemu 18 zikawa 36 na zaidi. Haukuongezwa mnara, wala haikuongezwa nguvu ya redio. Ulioongezwa ni utaratibu tu.

Tazama, msomaji, jambo lililotendeka. Hakuna aliyedai kwamba hewa ni njema au kwamba yeye hakosei. Kila mmoja alikiri kwamba neno lake laweza kupotea, akajiandaa kulirudia. Vinton Cerf na Robert Kahn walipoandika mwaka 1974 kanuni iliyokuja kuwa msingi wa intaneti, walijenga juu ya ungamo lilo hilo. Ujumbe mrefu hukatwa vipande, kila kipande hutambulishwa kwa namba, mpokeaji hukiri alivyopokea, na kilichopotea hutumwa tena. Basi jibu la swali letu la kwanza limeanza kuonekana. Yawezekana kupata uaminifu kutoka katika viungo dhaifu, ikiwa udhaifu haufichwi.

Lakini kurudia neno nako kuna hatari yake. Mnamo Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, mwendo wa habari ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mahali hapo palitengwa na yadi mia nne hivi. Hakuna waya uliokatika. Kilichotokea ni kwamba kila kompyuta ilipoona ujumbe wake umekawia iliutuma tena kwa pupa, na kwa kuutuma tena ikaongeza msongamano uliowakawiza wote. Jirani wa Syokimau huitwa Mlolongo, maana yake foleni, na dereva apitaye huko hahitaji kufundishwa jambo hili: kila gari likiingiza pua mbele ya jingine, hakuna lipitalo. Mwaka 1988 Van Jacobson alitangaza dawa. Kila mtumaji akiona kwamba ujumbe wake umepotea, apunguze mwendo wake kwa ghafula, kisha auongeze polepole. Hakuwekwa askari wa kuwalazimisha watu. Mtandao wa ulimwengu uliokolewa kwa sababu kila mtumaji alikubali kujizuia, akitumaini kwamba mwenzake naye atajizuia. Haraka haraka haina baraka, na hasara ya mwenye pupa huwaangukia wenzake pia.

Njia ya pili ya kuushinda udhaifu ni wingi. Utabiri wa Syokimau haukuandikwa na yeye mwenyewe. Ulifika kwetu kwa sababu ulikabidhiwa vinywa vingi, na alichosahau mmoja alikumbuka mwingine. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo. Huweka nakala za habari katika kompyuta kadhaa zilizo mbalimbali, ili moja ikizimika nyingine ijibu. Kenya iliunganishwa kwa nyaya za mawasiliano za chini ya bahari mwaka 2009, wakati TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, na nyingine zikafuata. Haikutosha kuwa na moja, kwa kuwa bahari ina mambo yake. Mnamo Februari 2012 nanga ya meli ilikata waya wa TEAMS karibu na Mombasa, na mwezi huo huo nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu.

Hata hivyo wingi una udanganyifu wake. Mnamo Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikalegea katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Zilikuwa mbili kwa hesabu, lakini mahali pale palipozipata zilikuwa kama moja. Hili ni somo kwa kila mtu apendaye kusema, "Habari hii ni kweli, nimeisikia kwa watu kumi." Uliza hao kumi waliisikia kwa nani. Kama wote waliisikia kwa mtu mmoja, basi una shahidi mmoja tu mwenye sauti kumi. Kweli huimarishwa na mashahidi waliopita njia mbalimbali. Uvumi hukua kwa mashahidi waliokunywa kisima kimoja.

Hadi hapa tumezungumza juu ya viungo vilivyo dhaifu: hewa ipotezayo neno, waya ukatikao, kompyuta izimikayo. Je, kiungo kikiwa kiongo? Hapa ndipo samaki wetu aanzapo kunuka.

Mwaka 1982 Leslie Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease walitangaza uchunguzi wao juu ya jambo hili. Walilieleza kwa mfano wa majemadari waliouzingira mji, ambao miongoni mwao mna msaliti. Nami nitalieleza kwa mfano ulio karibu zaidi. Tuseme wazee watatu wa mtaa wa Syokimau wana kisima cha shirika, na mmoja wao, ndiye mkubwa, hutoa neno la siku ya kukifungua. Wote hupeana habari kwa simu, kila mmoja na mwenzake. Mkubwa akiwa mwongo, humwambia wa pili, "Jumamosi," na wa tatu, "Jumapili." Hao wawili huulizana. Wa pili asikia kutoka kwa wa tatu, "Mimi niliambiwa Jumapili." Sasa afanye nini? Yamkini mkubwa amedanganya. Yamkini mkubwa amesema kweli na wa tatu ndiye mwongo. Kwa masikio yake hali hizi mbili hazina tofauti hata kidogo, na akili nyingi haiwezi kumsaidia. Wazee watatu, mwongo akiwa mmoja, hawana njia ya hakika ya kupatana.

Ongeza mzee wa nne, na mambo hugeuka. Mkubwa akiwa mwongo, wale watatu waliobaki huelezana walivyoambiwa, wote hupata orodha moja, nao hufuata neno la walio wengi. Na kama mwongo ni mmoja wa wale watatu, wawili waaminifu husikia neno la mkubwa likithibitishwa, na sauti ya mwongo hubaki peke yake. Hesabu yaendelea hivyo: kumvumilia mwongo mmoja wanahitajika wanne, waongo wawili saba, waongo watatu kumi. Waongo wakifika theluthi moja ya wote, hakuna werevu wa kuwafanya waliobaki wapatane kwa maneno matupu.

Sasa linganisha na kosa la unyonge. Katika mitambo mingi ya namna hii, ambayo hufuata neno la walio wengi, watatu hutosha kumvumilia mmoja aliyezimika, na watano huwavumilia wawili. Kumbe mwongo ni ghali kuliko mnyonge. Anyamazaye kwa sababu ameshindwa huacha pengo, na pengo huzibwa. Asemaye hivi kwa huyu na vile kwa yule hubomoa ushahidi wa wenzake, hata mwaminifu akashindwa kuthibitisha kwamba ni mwaminifu. Jambo hili lilijulikana moyoni tangu kale. Hesabu imekuja kulitia muhuri. Mtu akuambiaye, "Nimeshindwa," amekupunguzia mzigo. Akuambiaye, "Tayari," ilhali si tayari, amekuongezea mizigo ya watu watatu.

Huenda msomaji mwerevu akapinga hivi: "Walakini siku hizi tuna mihuri ya siri ambayo haiwezi kughushiwa kwa wepesi, na mwongo hawezi kugeuza neno la mwenzake." Ni kweli. Wataalamu hao hao walionyesha kwamba neno likitiwa sahihi isiyogushika, mzigo hupungua sana. Lakini ufunguo wa muhuri hukaa mkononi mwa mtu. Aupokeaye rushwa huutoa, na mzembe huusahau mezani. Tumeusogeza uaminifu kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, wala hatukuufukuza nyumbani.

Mwingine atapinga kwa ukali zaidi, naye ndiye aletaye swali letu la pili. Atasema, "Ikiwa mtambo waweza kusimama hata kama mmoja kati ya wanne ni mwongo, kwa nini mwongo huyo nisiwe mimi? Wenzangu watatu watanifidia." Fikira hii haikai vitabuni tu. Ndiyo ya mtu asiyelipa kodi kwa kuwa wengine hulipa, na ya mwanafunzi asiyefagia darasa kwa kuwa wengine hufagia. Ubaya wake wajulikana kwa hesabu ile ile. Nafasi ya mwongo mmoja iliwekwa kwa ajili ya ajali, kama kitanda cha hospitali kilichowekwa kwa ajili ya mgonjwa. Mzima akilalia kitanda hicho kwa uvivu, siku mgonjwa atakapoletwa hapana pa kumlaza. Uvumilivu wa jamii ni akiba, na mwizi wa akiba huwaibia watu ambao bado hawajafikwa na shida.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 1984 Jerome Saltzer, David Reed na David Clark, wa chuo cha MIT, walitangaza hoja yenye manufaa makubwa. Walisema kwamba hata njia ikitengenezwa vizuri namna gani, hakikisho la mwisho haliwezi kutolewa na njia. Lazima litolewe na wale wawili walio kwenye ncha zake, yaani atumaye na apokeaye. Mwuza mboga wa Syokimau aijua hoja hii bila kuisoma. Mnunuzi akimwonyesha simu yake na kusema kwamba pesa zimekwenda, yeye hungoja simu yake mwenyewe ilie, naye huisoma. Hamtukani mnunuzi kwa kufanya hivyo. Ametimiza wajibu ambao hakuna mnara uwezao kumtimizia. Vivyo hivyo, hakuna sheria, shule wala desturi iwezayo kuwa mwaminifu kwa niaba yako. Vyote hivyo ni njia. Wewe ni ncha.

Mwishowe, tuseme ndugu wawili, mmoja yuko Mombasa na mwingine yuko Syokimau, wanataka kukutana Voi, na kila mmoja ameapa hatoki nyumbani mpaka awe na hakika kamili kwamba mwenzake atatoka. Wa kwanza atuma ujumbe, "Kesho." Hajui kama umefika, basi angoja jibu. Wa pili ajibu, "Vema," lakini naye hajui kama jibu lake limefika, basi angoja jibu la jibu. Tangu mwaka 1975 fumbo la namna hii limeandikwa na wataalamu wa kompyuta, na imethibitishwa kwamba halina ufumbuzi: kwa njia iwezayo kupoteza neno, majibu mia hayatoi hakika kamili, maana lile la mwisho daima laweza kuwa limepotea. Ndugu hao hawatakutana milele, si kwa sababu njia ni mbaya mno, bali kwa sababu wametaka hakika ambayo haikuumbwa kwa ajili ya wanadamu. Mitambo yenyewe husafiri kwa kukubali shaka iliyo ndogo ya kutosha. Watu nao huoa, huazimana, na huanza safari kwa namna hiyo. Baada ya ushahidi wote kukusanywa, husalia hatua moja ambayo sharti iruke shaka, na jina la hatua hiyo ni kuaminiana.

Basi turudi kwenye tenga la samaki. Wahenga hawakukosea; samaki mmoja huwaozesha wote katika tenga lililofungwa na kuachwa. Samaki hawana akili ya kuchunguzana, wala ulimi wa kusema, "Mimi nimeanza kuharibika." Watu wanavyo vyote viwili. Jamii iliyo na watu wakirio makosa mapema, wajizuiao njia inaposongamana, watafutao mashahidi wa njia mbalimbali, na wakaguao kwa macho yao wenyewe, yaweza kumbeba mwongo mmoja na hata wawili bila kuoza. Lakini uwezo huo una mpaka wake, na mpaka huo huhesabiwa kwa vichwa.

Wewe, msomaji kijana, utaishi katika nchi ambayo mambo yake mengi yatapita hewani. Pengine utakuwa miongoni mwa watakaojenga minara na kompyuta zake, au miongoni mwa watakaozitumia tu. Katika hali zote mbili utahesabiwa: ama utakuwa mmoja wa wale watatu ambao kwao wanne husimama, ama utakuwa yule ambaye kwa ajili yake watatu wengine walihitajika. Chagua mapema, na ukishindwa kutimiza neno lako, sema kwamba umeshindwa.